Maji ya Dogo na Lahaja Iliyokauka

Saa kumi na mbili kamili za asubuhi ngoma hulia juu ya paa. Si king'ora wala kengele, bali ngoma hasa ya kupigwa kwa kono la mtu, na mpigaji husimama katika kijumba chenye vioo vyekundu kilichojengwa juu kabisa ya nyumba ya mbao ya orofa tatu. Chini, mlangoni, huwa wamekwisha kujipanga watu wenye taulo mabegani, wengi wao wazee. Ngoma inapolia mlango hufunguliwa, nao huvua viatu na kuingia kuoga. Hivyo ndivyo siku inavyoanza katika hamamu la Dogo, mjini Matsuyama, kisiwani Shikoku nchini Japani.

Nilisimama katika foleni hiyo asubuhi moja ya Novemba 2024, nikitetemeka kwa baridi na, sina budi kukiri, kwa haya. Nilikuwa nimekwenda Japani kwa mkutano wa wanaisimu, na mwenyeji wangu, mhadhiri wa makamo aliyejifunza Kiswahili chuoni Osaka, alinishikilia kwamba sitaijua lugha ya watu wake mpaka nioge nao. Nilidhani anafanya mzaha. Baadaye nilitambua kwamba maneno yake yalikuwa na kweli kuliko alivyokusudia mwenyewe.

Msomaji asihadaike na jina. Dogo hili si dogo. Ni miongoni mwa chemchemi za maji moto kongwe zaidi kutajwa katika maandishi ya Wajapani. Tarikh ya Nihon Shoki, iliyokamilishwa mwaka 720, inasimulia safari za wafalme waliokwenda kuoga katika nchi ya Iyo, na Iyo ndilo jina la kale la sehemu hiyo. Wenyeji wenyewe hudai umri wa miaka 3,000, na wanayo ngano ya yangeyange aliyeumia mguu, akawa anakuja kila siku kuutumbukiza katika maji yaliyokuwa yakibubujika mwambani, hata akapona na kuruka zake. Sanamu ya ndege huyo imewekwa juu ya paa. Mimi sibishani na yangeyange.

Jengo lenyewe lilikamilika mwaka 1894. Mkuu wa mji wakati huo, Isaniwa Yukiya, alikuta nyumba kuukuu zilizokuwa zikioza, akaamua kujenga upya kwa kima kilichowatisha walipa kodi. Husimuliwa kwamba upinzani ulikuwa mkali, na kwamba jawabu lake lilikuwa moja: wakijenga kitu kisichokuwa na mfano, kitawalisha watu hata baada ya miaka mia. Kazi ilipewa fundi seremala Sakamoto Matahachiro, wa ukoo wa mafundi wa ngome ya Matsuyama. Mwaka 1994, miaka mia kamili baadaye, serikali ya Japani ililitangaza jengo hilo kuwa urithi muhimu wa taifa. Isaniwa hakuwako kushuhudia, lakini hesabu zake zilitimia.

Ndani, jambo la kwanza ni kuvua nguo zote. Hakuna kaptura wala shuka la kujistiri, ila kitaulo chenye upana wa kurasa mbili za gazeti hili. Wanaume wana upande wao na wanawake wao. Nani kati yetu tuliosoma shule za bweni asiyeyakumbuka mabafu ya alfajiri, safu ya wavulana chini ya maji baridi, kila mmoja akijikunyata upande wake? Nilidhani nimekwisha kuyaaga yale. Lakini kuna tofauti. Bwenini tulikuwa tunaoga mbio ili tukimbie; Dogo watu huoga taratibu ili wakae.

Kabla ya kuingia majini sharti mtu aketi juu ya kigoda kidogo mbele ya bomba, ajisugue kwa sabuni na ajisuuze hadi povu lote liishe. Maji ya hodhi si ya kutolea uchafu, ni ya kukaa watu waliokwisha kutakata. Taulo halitumbukizwi, huwekwa utosini likiwa limekunjwa. Mimi nililizamisha langu kwa kutojua, na mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akaugusa utosi wake mwenyewe mara mbili, bila neno, mpaka nikaelewa. Hodhi ni la mawe, lina kina cha kutosha kumfikia mtu kifuani akiketi, na maji humiminika kutoka katika nguzo nene ya jiwe iliyosimama ukutani. Hutoka katika visima 18 vyenye joto lililo tofauti, tangu nyuzi 20 hadi 55 za Selisiasi, nayo huchanganywa kwa ustadi mpaka yafike nyuzi 42 hivi, pasipo kuchemshwa wala kuzimuliwa kwa maji ya kawaida. Ni maji laini, yanateleza ngozini. Dakika tano za kwanza nilifikiri nitazimia. Baada ya hapo sikutaka kutoka.

Hapo majini ndipo isimu iliponifuata. Kijapani kina mfumo mpana wa lugha ya heshima. Kitenzi cha kwenda, mathalan, ni *iku* kwa mtu wa kawaida, lakini mkubwa wako akienda utasema *irassharu*, na ukijitaja mwenyewe kwa unyenyekevu mbele yake utasema *mairu*. Ofisini mtu hutambua cheo cha mwenziwe kwa kadi, kwa tai, kwa kiti anachokalia. Ndani ya hodhi hayo yote hayapo. Wajapani hupenda kusema kuwa majini watu wote ni sawa, na wana msemo maalumu wa urafiki wa wasiovaa nguo. Basi akaingia mzee mmoja mwembamba, nikamwona mwenyeji wangu akinyoosha mgongo ghafla, na vitenzi vyake vyote vikabadilika. Alikuwa mwalimu wake wa zamani. Nguo zilikuwa zimevuliwa lakini sarufi ilibaki imevaliwa, tena na tai yake. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya dakika zile, ila nilikuwa sina mahali pa kuchomeka kalamu.

Ukutani palikuwa na kibao cha mbao chenye maandishi ya mkono. Niliuliza kinasema nini. Kinamkataza Botchan asiogelee.

Botchan ni nani? Ni mhusika mkuu wa riwaya yenye jina hilohilo, iliyotolewa mwaka 1906 na Natsume Soseki, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kijapani cha kisasa. Soseki, mzaliwa wa Tokyo, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Matsuyama kwa mwaka mmoja, tangu 1895 hadi 1896, wakati hamamu hili lilikuwa jipya kabisa. Miaka kumi baadaye alimtunga kijana wa Tokyo, mwalimu wa hesabu, mwenye hasira za karibu na kiburi kisichokuwa na mipaka, anayepelekwa kufundisha katika mji mmoja wa Shikoku asioupenda hata kidogo. Kila kitu mjini humo ni cha kishamba machoni pake isipokuwa hamamu tu. Huenda kuoga kila siku. Akiwa peke yake huogelea, na siku moja anakuta tangazo limebandikwa la kukataza kuogelea. Akifika darasani anakuta wanafunzi wameyaandika mambo yake ubaoni: idadi ya bakuli za tambi alizokula, na vitonge vya unga wa mchele alivyonunua.

Walimu wanaoisoma safu hii hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu kijana katika mji mdogo hana siri.

Lakini kisa kinachonihusu ni kingine. Usiku mmoja wanafunzi humtilia mwalimu huyu wadudu kitandani. Anawaita kwa ghadhabu na kuwauliza sababu ya kumtilia *batta*, yaani panzi. Mmoja wao anamjibu kwa utulivu kwamba wale si *batta*, ni *inago*, ambao ni panzi wa aina fulani wanaokaa katika mashamba ya mpunga, tena hupikwa wakaliwa. Ni sawa na mgeni kumwita senene panzi mbele ya mtu wa Bukoba. Na mwisho wa jibu lake mwanafunzi anatia vineno viwili vya lahaja ya kwao: *na moshi*.

Hapa sharti nimtulize msomaji. Moshi huu hautoki jikoni. Ni kiambatisho kinachokuja mwishoni mwa sentensi, cha adabu na upole, kikimwomba msikilizaji akubaliane na msemaji, na wataalamu hukihusisha na kitenzi cha kale cha kusema kwa unyenyekevu, kilekile kilichozaa *moshi moshi* wanayosema Wajapani wakipokea simu. Mwalimu wa Tokyo hasikii adabu hiyo. Anasikia ushamba. Anawakejeli wanafunzi kwa hiyo *na moshi* yao, na wasomaji wa Japani nzima wamekuwa wakicheka naye tangu 1906. Hata hivyo, ukiangalia vizuri, katika mabishano yale aliyeijua lugha ni mwanafunzi. Alikuwa na maneno mawili pale mwalimu alipokuwa na moja.

Mji wa Matsuyama haukukasirika, au ulikasirika ukasahau. Leo jina la Botchan liko kila mahali: kwenye treni ndogo ya kitalii, kwenye saa kubwa ya mitambo iliyoko karibu na stesheni, kwenye vitonge vya rangi tatu vinavyouzwa kando ya hamamu. Na *na moshi* yenyewe? Nilimwomba mwenyeji wangu amuulize yule mzee wa taulo kama bado anaitumia. Mzee alicheka hata maji yakamwingia kinywani. Bibi yake alikuwa akiisema, alijibu. Yeye mwenyewe huiona madukani, kwenye makasha ya biskuti.

Jibu hilo halijaniondoka tangu siku ile, kwa sababu ndani ya jengo lilelile niliona mfano wake. Upande mmoja kuna chumba cha kuogea cha kifalme, kilichojengwa mwaka 1899, chenye dari iliyopambwa na hodhi la jiwe teule. Hakiogewi tena. Mgeni hulipa, huvua viatu, hutazama, hutoka. Ni kizuri mno, na ni kikavu. Upande wa pili ni mahodhi ya umma, yaliyochakaa kwa matako ya vizazi vinne, na humo mna mvuke na kelele. Na ajabu ni kuwa ukarabati mkubwa ulipoanza Januari 2019 wahusika hawakulifunga jengo. Walilitengeneza kipande kwa kipande, sehemu moja ikifunikwa kwa turubai ilhali nyingine inaogewa, kazi iliyoendelea hata jengo lote likafunguliwa upya Julai 2024. Ingekuwa rahisi na haraka zaidi kufunga milango. Waliona kuwa hamamu lisiloogewa kwa miaka mitano si hamamu tena.

Sisi tunalo la kwetu la kulinganisha. Hamamni, Unguja, kuna mahamamu yaliyojengwa katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Kuta zipo, mahodhi yapo, na mgeni huonyeshwa. Maji hayapo.

Turudi kwenye lugha. *Na moshi* haikufa kwa bahati mbaya. Mwaka 1902 serikali ya Japani iliunda kamati ya kuchunguza lugha ya taifa, na matokeo ya juhudi za miaka ile yalikuwa kusimikwa kwa usemi wa wasomi wa Tokyo kuwa kipimo cha usahihi kwa nchi nzima. Haja ilikuwapo, silikatai hilo. Watu wa kaskazini na wa kusini walikuwa hawasikilizani. Ila kipimo kilipoingia shuleni kiligeuka rungu. Katika visiwa vya Okinawa, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyeponyokwa na neno la kwao alitundikwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenziwe kwa kosa lilelile ili amhamishie.

Najua wasomaji wangu wamekwisha kuacha kufikiria Japani. Wengi wetu tulikivaa kibao hicho hapahapa Kenya. Sisi tulikiita diski. Kilikuwa cha mbao, au kifupa, au gunia zima, na kilihama shingo hadi shingo kwa kanuni zilezile, utadhani walimu wa Okinawa na wa kwetu walihitimu chuo kimoja. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kwa uchungu mwaka 1986 akizungumzia Kiingereza na Kikuyu, na tangu hapo tumezoea kukihesabu kuwa dhambi ya Kiingereza peke yake. Ningependa nasi wa Kiswahili tujitazame kiooni.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nikiwa darasa la tatu nilimwita mwenzangu uwanjani, "Ndoo!" Kwa Kimvita maana yake ni njoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa akipita, aliniuliza naitaka ndoo ya nini, na kama nataka kwenda kuteka maji. Wenzangu waliangua kicheko, hata wale waliokuwa wakisema "ndoo" nyumbani kwao kila siku. Sikuchapwa wala sikuvishwa kitu. Lakini tangu siku hiyo "ndoo" yangu ilibaki nyumbani, pamoja na *mato*, *ndaa*, *ndiya* na *kuteka* kwa maana ya kucheka. Lahaja ile ilikuwa lugha ya mashairi ya Muyaka bin Haji kabla hakujazaliwa mtu wa kuisanifisha. Iliondolewa katika nafasi ya juu na mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na, kama kwamba historia hupenda dhihaka, mkutano huo ulifanyika Mombasa. Miaka miwili baadaye ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na vitabu vyetu vikafuata.

Sitetei kuvunjwa kwa usanifu. Ninaandika makala haya kwa Kiswahili sanifu, na mtoto wa Kakamega na wa Kigoma wanastahili kukisoma kitabu kimoja. Ninachokipinga ni ile kalamu nyekundu isiyotofautisha kati ya kosa na lahaja. Mwanafunzi akiandika "watoto amekuja" amekosea sarufi ya kila Kiswahili ninachokijua. Akiandika "ana ndaa" hajakosea. Ameandika neno lenye umri mkubwa kuliko kamati yoyote. Yafaa mwalimu aliandike "njaa" pembeni, amweleze ni wapi kila moja linatakiwa, na katika masimulizi na mashairi alikaribishe "ndaa" bila masharti. Tazama kinaya chetu: karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mfumo wa 8-4-4 ina sehemu ya isimujamii, ambamo mtahiniwa aweza kutakiwa aeleze lahaja ni nini na ina umuhimu gani. Akiitumia hiyo lahaja yenyewe katika insha, hutozwa alama. Tunaitaka iwe kama kile chumba cha kifalme, itazamwe.

Wala sijitoi. Muhula mmoja kabla ya safari hiyo, msichana mmoja wa Kisauni aliniletea kazi yenye neno *mato*. Nililipiga mstari. Sikuandika chochote pembeni, mstari tu, mwekundu, kwa haraka ya mtu mwenye rundo la karatasi mezani. Nilikuwa nimelikumbuka neno lile lilipopita machoni pangu, nikalihisi hata ladha yake, na mkono ukapiga mstari hivyo hivyo.

Baada ya kuoga hupewa mtu kanzu nyepesi ya pamba, akapanda orofa ya pili, akaketi juu ya mikeka karibu na madirisha yaliyo wazi, akaletewa chai na biskuti ya mchele. Jasho hukauka polepole. Hapo ndipo mwenyeji wangu aliponieleza jambo jingine la mji wake. Matsuyama ndiko alikozaliwa, mwaka 1867, mshairi Masaoka Shiki, rafiki wa Soseki, aliyelifufua lile shairi fupi la mizani 17 na kulieneza kwa jina la haiku. Kwa heshima yake mji umeweka masanduku ya posta ya mashairi kwenye mitaa na vituo vya tramu, ambamo mpita njia yeyote aweza kutia haiku yake, na tangu 1998 wanafunzi wa sekondari kutoka Japani nzima hukutana huko kushindana kwa tungo hizo. Sanduku moja liko palepale Dogo.

Nikaomba kikaratasi. Tano, saba, tano. Mtu aliyezoea kuhesabu vina na mizani hashindwi na hilo. Nikaandika:

Mato yaona
moshi wapaa juu;
tumboni ndaa.

Ulikuwa mvuke, si moshi, lakini nililiacha neno lile kwa makusudi. Mwenyeji wangu alilisoma mara mbili kwa sauti, akakunja uso. "Mwalimu," akasema, "*mato* sikufundishwa. Na hii *ndaa* ni kitu gani?"

Nikamweleza. Alichomoa daftari mfukoni mwa koti lake, akaniomba niyatamke tena yote mawili, pole pole, akayaandika. Kisha tukashuka tukalitia sanduku lile karatasi, tukaenda kutafuta chakula.